T Imekwenda Wapi? Mwongozo wa Kumsikiliza Mskoti

Mashabiki wa soka wa Afrika Mashariki wamemsikiliza Mskoti miaka na miaka bila kumhesabu kuwa Mskoti. Alex Ferguson, aliyeinoa Manchester United kuanzia 1986 hadi 2013, ni mtoto wa Govan, mtaa wa mafundi wa meli mjini Glasgow. David Moyes ni wa mji huohuo, na Andy Robertson, beki wa kushoto aliyetamba Liverpool, kadhalika. Aliyezoea mahojiano yao baada ya mechi amekwisha kuionja lafudhi yenyewe. Tofauti ni kwamba mbele ya kamera Ferguson alikuwa akijitahidi aeleweke. Govan hakuna anayejitahidi.

Mwongozo huu ni wa yule anayekwenda kukaa: nesi aliyepata kazi hospitali ya Glasgow, mwanafunzi aliyepangiwa chumba Dundee, fundi wa mitambo ya mafuta anayeshukia Aberdeen, au mtu wa ofisini Nairobi ambaye simu zake nusu zinatoka Edinburgh. Kiingereza chake cha shule hakina kasoro. Anasoma magazeti, anaandika ripoti, mtihani wa lugha ameupita vizuri tu. Halafu anasimama kwenye kaunta ya duka, muuzaji anamtajia bei, na haambulii hata neno. Anaomba arudiwe, anarudiwa yaleyale kwa kasi ileile.

Mara nyingi mchawi ni konsonanti. Irabu za Kiskoti nazo zina vituko vyake, lakini irabu ikiyumba kidogo neno bado lina umbo. Konsonanti ikihama au ikitoweka, neno zima linapotea njia. Kinachotia moyo ni kwamba mtu aliyekulia kwenye Kiswahili ana sauti nyingi za Kiskoti mdomoni mwake tayari, na kwa baadhi yake amemtangulia hata mzaliwa wa London. Iliyobaki ni kujua zimewekwa wapi.

Jambo moja la kuwekana sawa. Uskoti ina Kiingereza chenye lafudhi ya huko. Ina Kiskoti, ndugu wa Kiingereza mwenye msamiati wake. Na ina Kigaeli, lugha ya ukoo mwingine kabisa. Mtu wa mtaani hupanda na kushuka kati ya hizo mbili za kwanza ndani ya sentensi moja, kwa hiyo hapa hazitatenganishwa kwa ukali.

Anza na koo

Sauti ya kwanza kuizoea ni ile isiyo na herufi. Mtoto akiomba sukari na mama akamkatalia kwa "a'a!", kati ya zile a mbili koo hufunga ghafla, pumzi ikazuiwa, kisha ikaachiwa. Wanaisimu huiita kipasuo cha glota. Waliopitia madrasa wanaijua kwa jina la hamza. Glasgow, sauti hiyo imeinyang'anya t nafasi yake katikati na mwishoni mwa maneno. "Water" inakuwa "wa'er", "butter" inakuwa "bu'er", "bottle" inakuwa "bo'l", na "what" inaishia kooni kabla ulimi haujafika popote.

Jaribu hivi. Sema "a'a" polepole, ushikilie pale koo lilipofunga, kisha tanguliza w: "wa'a". Ongeza r kwa mbali mwishoni. Hiyo ndiyo "water" utakayoisikia mkahawani. Zoezi hili ni la sikio. Mdomo wako ubaki na t yake ya siku zote, kwa sababu Mskoti anaielewa bila taabu na hakuna anayemtarajia mgeni aimeze.

Kuna mpaka ambao koo halivuki. T ya mwanzo wa neno hubaki: "tea", "table", "ten". T inayofungua silabi yenye mkazo hubaki pia: "hotel", "return", "between". Kanuni hii ndogo inaokoa pesa taslimu. Katika "thirty" mkazo uko mwanzo, kwa hiyo t inamezwa: "thir'y". Katika "thirteen" mkazo huangukia mwisho, t inasikika wazi. Ndivyo ilivyo kwa "forty" na "fourteen", "eighty" na "eighteen". Muuzaji akitaja bei au dereva akitaja namba ya basi, usihangaike na mkia wa neno, sikiliza katikati. Ukisikia t safi, ni kumi na kitu. Ukisikia koo, ni makumi. Kwa vipimo vya dawa, hata hivyo, sikio lisiachiwe kazi peke yake: nesi airudie namba kwa tarakimu moja moja, "one-three" au "three-zero", mpaka aliye upande wa pili akubali.

Wapo wanaodhani mtindo huu Waskoti wameuiga London. Magharibi mwa Uskoti ni miongoni mwa sehemu za mwanzo kabisa ambako uliandikwa, na walioutaja katika karne ya 19 ni pamoja na Alexander Melville Bell, mwalimu wa matamshi wa Edinburgh na baba wa yule Bell wa simu. Tangu hapo walimu wa shule wameupiga vita bila kuchoka. Ronald Macaulay alipochunguza usemi wa Glasgow katika miaka ya 1970, hamza ilikuwa mojawapo ya sauti zilizotenganisha matabaka waziwazi: ilijaa kwa mfanyakazi wa karakana, ikapungua kwa mwanasheria. Vita hivyo vimeshindwa. Siku hizi hata vijana wa vyuo vikuu wanaimeza t, ila kwa vipimo.

R ya kugonga

Kiingereza cha kusini mwa Uingereza kiliitupa zamani r isiyofuatwa na irabu, ndiyo maana mtangazaji wa London husema "car", "four" na "nurse" bila r yoyote. Uskoti r ipo, na mara nyingi ni ileile ya "bara" na "kiri": ncha ya ulimi inagonga ufizi mara moja na kuondoka. Waigizaji wa filamu huikokota kama pikipiki inayokataa kuwaka, lakini mtaani r ya namna hiyo ni nadra. Wa kujihadhari ni wale ambao lugha zao za nyumbani hazitenganishi r na l. Huko "right" na "light" hayatasamehewa kwa urahisi.

R ikikutana na l au m, Mskoti hupenyeza irabu. "Girl" inakuwa "gerul", "world" inakuwa "warald". Hata l ikikutana na m mambo ni hayohayo: "film" inasikika "filam", hatua moja tu kutoka "filamu" yetu. Mwalimu aliyekuwa akiwakaripia wanafunzi kwa kosa hilo hajawahi kusikiliza foleni ya tiketi mjini Glasgow.

Kuna mkasa, na unamhusu kila anayekwenda mitaa ya wafanyakazi ya Glasgow na Edinburgh. Huko r ya baada ya irabu imeanza kufifia masikioni, kiasi kwamba jozi kama "hut" na "hurt" zinaweza kumchanganya msikilizaji kutoka nje. Watafiti Eleanor Lawson, Jane Stuart-Smith na James Scobbie waliamua kuangalia ndani ya mdomo. Kipimo cha altrasaundi, kilekile cha kliniki ya wajawazito, huwekwa chini ya kidevu cha msemaji, na ulimi ukaonekana kwenye skrini ukicheza. Walichokikuta kinashangaza: vijana wengi wa mitaa hiyo bado wanainua ncha ya ulimi kutamka r, ila wanachelewa, sauti ikiwa imekwisha kuzimika. R inatamkwa na haisikiki. Wasemaji wa tabaka la kati, kwao, huukusanya ulimi ukawa fundo katikati ya mdomo na kutoa r nzito isiyo na shaka. Kwa hiyo usishangae daktari na mgonjwa wake wakiwa na r mbili tofauti katika chumba kimoja. Ya mgonjwa ndiyo ya kuifanyia mazoezi.

Kabla ya kuondoka kwenye ncha ya ulimi, neno kuhusu p, t na k. Mtu wa Lamu au wa Mji Mkongwe anatofautisha paa la nyumba na paa wa porini kwa mpumuo: wa porini anatoka na pumzi, la nyumba halina. Mwingereza wa kusini huanza "pen" na "car" kwa pumzi ya paa wa porini. Waskoti, hasa wazee, hupumua kidogo zaidi, wakawa karibu na paa la nyumba. Hapa mzungumzaji wa Kiswahili hana la kujifunza.

Kh ipo, th inahamahama

Sauti ya "Khamis" na "kheri" ndiyo inayowashinda Waingereza katika "loch", neno la Kiskoti la ziwa. Wao husema "lok". Mskoti wa kale husema "lokh", na mtu wa Pwani analitamka sawasawa siku ya kwanza. Utaihitaji mjini Glasgow kwa barabara maarufu ya Sauchiehall, inayoanza na "sokhi", na kwa majina ya miji kama Auchterarder. Wazee wakipanda Kiskoti utaisikia pia katika "nicht" na "richt", yaani "night" na "right". Lakini usiimwage kila mahali penye ch: Buchanan, barabara inayokutana na Sauchiehall, ina k ya kawaida. Na sauti yenyewe inapungua. Utafiti wa watoto wa Glasgow uliofanywa na Lawson na Stuart-Smith miaka ya 1990 uliwakuta wengi wakisema "lok" kama Waingereza, hivyo mgeni kutoka Mombasa anaweza kuwa na kh imara kuliko kijana anayemuuzia tiketi.

Th ndiyo yenye vurugu. Bara, watu wengi huibadili kuwa s, wakasema "selasini" na "samani". Glasgow nayo ina njia zake, na ni zaidi ya moja. Ya kienyeji ni kuifanya h: "think" inakuwa "hink", "something" inakuwa "sumhin", "nothing" inakuwa "nuhin". Ya pili, iliyosambaa kwa vijana, ni kuifanya f: "fink", "fing". Hii ya f ina asili ya London, na Stuart-Smith na wenzake walizua mjadala mwaka 2013 walipochapisha kwamba vijana wa Glasgow walioifuatilia kwa hisia tamthilia ya EastEnders, ambayo matukio yake ni ya London, walikuwa na f nyingi zaidi. Wanaisimu wengi walikuwa wakishikilia kwamba televisheni haigusi matamshi ya mtu. Mtoto yuleyule anaweza kusema "hink" kwa mama yake na "fink" kwa rafiki.

Th ya "dhahabu" ina njia yake. Katikati ya neno inalegea ikawa r ya kugonga: "brother" inasikika "brara", "mother" inasikika "mara". Mwanzoni mwa maneno madogo kama "there" inaweza kufuata mkondo huohuo, na "over there" ikatoka "ora rer". Ukisikia r mahali ambapo sentensi inadai dh, usiikatae.

Wagikuyu, kwa upande wao, waliwahi kuwapa Waskoti th wasiyoiomba. Wamisionari wa Kanisa la Uskoti walipojenga kituo chao karibu na Nairobi, wenyeji ambao lugha yao haina s walilitamka jina la wageni kwa namna yao, na pakaitwa Thogoto hadi leo.

Upande wa Aberdeen

Uskoti "which" na "witch" ni maneno mawili tofauti masikioni. La kwanza huanza na pumzi, kama mtu anayepuliza chai: "hwich". "Where" na "wear" vivyo hivyo. Tofauti hiyo ndiyo Julius Nyerere aliyoikuta Edinburgh alipokwenda kusoma chuo kikuu, 1949 hadi 1952. Watoto wa Glasgow wa leo wanaziunganisha hizi mbili, lakini kwa watu wa makamo bado zimetengana.

Kasheshe iko kaskazini-mashariki, Aberdeen na vijiji vyake. Huko wh ya maneno ya kuuliza imegeuka f. "What" ni "fit", "when" ni "fan", "who" ni "fa", "where" ni "far". Mgeni wa wiki ya kwanza akiulizwa "Far are ye fae?" hudhani anaambiwa kwao ni mbali, akaitikia kwamba ndiyo, ni mbali mno. Ameulizwa ametoka wapi. "Fae" ni "from". Salamu ya kila siku ni "Fit like?", nayo hujibiwa "Nae bad". Mwenyeji akikupenda zaidi atakuuliza "Foos yer doos?", yaani njiwa wako hawajambo, hata kama hujawahi kufuga njiwa. Jibu ni "Aye peckin", wanaendelea kudonoa. Salamu hizi zijifunze nzimanzima bila kuzichambua. Zina thamani kazini kuliko kurasa kumi za sarufi, na msemaji wa Kiswahili, aliyelelewa kwamba salamu hujibiwa kikamilifu, atafika mbali nazo.

Wa Shetland, visiwa vya mbali kabisa kaskazini, ana lake: "dat", "dis", "ting". Visiwa hivyo vilikuwa chini ya wafalme wa Skandinavia hadi 1469, na wenyeji walizungumza Kinorn kwa muda mrefu baadaye. Atakayekwenda huko asikilize d na t popote anapotarajia th.

Mikia iliyokatwa

L ya Mskoti wa mjini ni nzito mwanzo hadi mwisho wa neno, nyuma ya ulimi ikiwa imeinuka kama kwa u. Mwishoni inaweza kuyeyuka kabisa: "football" inakuwa "fitba", "all" inakuwa "o". Milimani na visiwani, walikolelewa na Kigaeli, l ni nyepesi kama yetu.

D ya mwisho baada ya n huanguka: "hand" ni "hon", "and" ni "an". T huanguka baada ya p na k, ikatoka "kep" badala ya "kept". Kwa upande mwingine "wanted" huongezewa ukali ikawa "wantit". Na zile ng za "finger" na "single" ni ng' ya "ng'ombe" tupu, bila g kufuata. Anayekuuliza kwenye basi kama unataka "sing'l" anakuuliza tiketi ya kwenda tu.

Mazoezi yafanywe kwa masikio ya kila siku. Vipindi vya soka vya BBC Radio Scotland ni darasa zuri kwa sababu mada inajulikana: ukijua mechi iliisha mbili kwa moja, utaikamata "two" hata ikitamkwa vipi. Tamthilia ya vichekesho Still Game, iliyoanza 2002 na kumalizika 2019, inawafuata wazee wa Glasgow. Itazame mara moja na maandishi chini ya skrini, mara ya pili bila. Tatizo la kutoeleweka Waskoti wenyewe wanalifanyia mzaha. Mwaka 2010 kipindi cha Burnistoun kiliwaonyesha wanaume wawili wamekwama ndani ya lifti inayoamrishwa kwa sauti. Wanataja "eleven" kwa kila lafudhi wanayoijua, na mashine haisikii.

Jina usilisome, liulize

Jina la Kiskoti lililoandikwa ni mtego. Celtic, timu aliyoichezea Victor Wanyama, ile aliyoifungia kwa kichwa dhidi ya Barcelona tarehe 7 Novemba 2012, ni "Seltik". Lakini lugha na muziki wenye jina hilohilo ni "Keltik", herufi zilezile. Mwenye kusema "Keltik" uwanjani atajulikana mara moja kwamba ni mgeni.

Mtego mkubwa zaidi ni z. Waandishi wa Kiskoti wa zamani walikuwa na herufi ya ziada, yogh, iliyosimamia sauti ya y au inayokaribia hiyo. Uchapaji ulipoingia Edinburgh mwaka 1508, herufi hiyo haikuwa ya kawaida kwenye seti za risasi za wachapaji, ikawekwa z iliyofanana nayo kwa umbo. Macho ya vizazi vilivyofuata yakasoma z, midomo ya wenyeji ikabaki na sauti ya kale. Ndiyo maana Menzies ni "Ming'is", na mwanasiasa Menzies Campbell, aliyekiongoza chama cha Liberal Democrats kati ya 2006 na 2007, aliitwa Ming na nchi nzima. Dalziel ni "Di-el". Kasri la Culzean, pwani ya kusini-magharibi, ni "Kaleyn".

Mengine hayana z wala sababu iliyo wazi, ni ya kukariri tu. Kirkcudbright ni "Karkubri". Strathaven ni "Streivan". Barabara ya Cockburn mjini Edinburgh ni "Kobarn". Hawick ni "Hoik". Na Milngavie, mji mdogo ulio mwisho wa reli kaskazini mwa Glasgow, ni "Malgai", mkazo mwishoni. Watu hushuka hapo kuanza njia ya miguu ya West Highland Way, kilomita 154 hadi Fort William, na wanatoka kila pembe ya dunia wakiwa wameisoma "Milingavi" kwenye ramani. Mkata tiketi ameisikia mara nyingi. Sema "Malgai", lipa, na ukitajiwa bei sikiliza kama t imebaki.